Perspex ya tangi la samaki: kina ndicho kinachoamua unene, si lita

Fundi aliiweka shiti ya perspex, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, ya mili (milimita) 12 juu ya viti viwili, akavua viatu, akapanda juu yake. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana katika karakana ya mabango kule Industrial Area, Nairobi, na vijana wawili waliokuwa wakila githeri wakasimamisha vijiko kutazama. Fundi mwenyewe si mtu mdogo, ana kilo zake 80 na ushei. Akarukaruka kidogo. Perspex ikanesa, ikalala kama machela, ikarudi palepale.

"Umeona, boss? Hii kitu haivunjiki. Sasa maji ni nini?"

Niliona, na nikalipa. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimepiga magoti sebuleni usiku wa manane, nikiyavuta maji kwa mpira kutoka kwenye tangi la futi sita kuyapeleka bafuni. Ukuta wa mbele ulikuwa umeota kitambi cha milimita 16. Kwenye kiungo cha chini kulikuwa kumetokea mstari mweupe wa viputo vidogo, urefu wa kiganja, ambao wiki moja kabla haukuwepo. Perspex yenyewe haikuwa imevunjika. Fundi alisema kweli tupu, ila alikuwa amejibu swali ambalo tangi la samaki haliulizi.

Tangu hapo watu wamekuwa wakiniuliza: tangi la lita 500 linataka mili ngapi? La lita 1,000 je? Swali lenyewe limekaa upande. Nitajaribu kulinyoosha, na itabidi tupige hesabu kidogo, lakini si hesabu ya kumtisha mtu aliyewahi kununua vigae.

Nguvu na ukakamavu

Tuanze na alichokuwa anaonyesha fundi. Perspex, ambayo wahandisi huiita akriliki na ambayo nje huuzwa pia kwa jina la Plexiglas, ni plastiki ngumu kuvunja. Ukiipiga kwa kitu kinachovunja kioo, mara nyingi itabaki na alama tu. Hiyo ndiyo nguvu. Ukakamavu ni habari nyingine: ni kiasi ambacho kitu kinakataa kupinda kinaposukumwa. Mpira wa tairi una nguvu nyingi na hauna ukakamavu. Biskuti ina ukakamavu na haina nguvu.

Ukakamavu hupimwa kwa gigapaskali, na kioo kina kama 70. Akriliki ina kama 3. Yaani kioo kinakataa kupinda zaidi ya mara 20 kuliko akriliki ya unene uleule. Ukitaka ukuta wa akriliki usipinde zaidi ya ukuta wa kioo cha mili 10, utahitaji mili 28 au karibu na hapo. Anayekuambia "perspex ni kali kuliko kioo, kwa hiyo nunua nyembamba" amechanganya vitu hivi viwili, na huko madukani kosa hilo utalisikia kila siku.

Kwa bahati nzuri hatuhitaji kufika huko. Kioo kinanyimwa ruhusa ya kupinda kwa sababu kikizidisha kidogo kinapasuka bila taarifa. Akriliki inaruhusiwa kupinda. Kwa hiyo swali halisi si kama itavunjika. Swali ni itapinda kiasi gani leo, itapinda kiasi gani baada ya miaka mitano, na viungo vitavumilia kupinda huko au la.

Ziwa Naivasha nyuma ya sebule

Shinikizo la maji linategemea kina tu. Kanuni nyepesi ya kichwani ni hii: kila sentimita ya kina huweka gramu moja kwenye kila sentimita mraba ya ukuta. Kwenye kina cha sentimita 60, kila sentimita mraba ya chini kabisa inasukumwa na gramu 60. Juu, kwenye uso wa maji, inasukumwa na sifuri. Wastani wa ukuta mzima ni gramu 30.

Upana wa tangi kutoka mbele kwenda nyuma haumo katika hesabu hiyo. Ungeweza kubomoa ukuta wa nyuma na kuliunganisha tangi lako na Ziwa Naivasha lote, mradi maji yabaki na kina cha sentimita 60, na ukuta wa mbele usingejua kama kuna kilichobadilika. Ndiyo maana jibu la "lita 1,000 ni mili ngapi" halipo. Lita 1,000 zilizolala kwenye tangi pana la kina cha sentimita 40 ni mchezo. Lita hizohizo zikisimama kwenye mnara wa mita moja na nusu ni kazi ya wahandisi.

Kuna jamaa aliwahi kuniuliza kama Nairobi, kwa kuwa iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, inabadilisha hesabu. Haibadilishi. Hewa inausukuma ukuta nje na ndani sawasawa, kwa hiyo inajifuta.

Sasa tuchukue tangi ambalo watu wengi hutamani, la futi sita kwa mbili kwa mbili. Kwa sentimita ni 180 kwa 60 kwa 60, na maji yake ni lita kama 650 likijaa. Ukuta wa mbele una sentimita mraba 10,800. Zidisha kwa gramu 30 za wastani, unapata kilo 324. Ni zaidi ya magunia matatu na nusu ya mahindi yameegemea ukuta huo usiku na mchana, bila kushuka. Fundi aliisimamia perspex yake kwa sekunde kumi.

Kitambi kwa namba

Wahandisi wana majedwali ya zamani yanayoonyesha bamba la mstatili litapinda vipi likisukumwa na maji. Sitayanakili hapa. Nitakupa tu yanachosema kuhusu tangi letu la 180 kwa 60, ukuta ukiwa umeshikwa pande zote nne, pamoja na fremu imara juu. Mili 10 itabenuka milimita 17 hivi. Mili 12 itabenuka kama 10. Mili 15 inashuka hadi 5. Mili 18 ni karibu 3, na mili 20 ni 2 na kidogo.

Ziangalie tena hizo za katikati. Kutoka 12 kwenda 15 umeongeza robo ya unene, na kitambi kimepungua nusu. Hii ni kwa sababu ukakamavu wa bamba hukua kwa unene mara tatu: unene ukizidishwa kwa unene, kisha kwa unene tena. Bei ya perspex, ikiwa unanunua kwa mtu mwaminifu, hupanda takriban kwa uzito, yaani kwa unene mara moja. Kwa hiyo robo ya ziada ya plastiki inakununulia ukakamavu maradufu. Sijui kitu kingine katika ujenzi wa tangi chenye biashara nzuri namna hiyo, na bado ndipo watu wanapobana pesa kwanza.

Mkazo, yaani nguvu inayoivuta plastiki kwa ndani na ambayo hupimwa kwa megapaskali, nao tuutazame, kwa sababu ndiko mitego ya vikokotoo vya intaneti iliko. Akriliki ikivutwa maabara huachia kwenye megapaskali 70 hivi. Kikokotoo kilichotengenezwa kwa ajili ya kioo huchukua namba kama hiyo, kinaigawanya kwa kipimo cha usalama cha karibu 4, kisha kinakuambia kwa uso mkavu kwamba tangi letu linataka mili 7. Ukiiweka mili 7 kwenye hesabu ya kupinda, inakuletea kitambi cha sentimita 5. Hilo si tangi tena, ni puto.

Kosa la kikokotoo ni kwamba zile 70 ni za mvuto wa dakika chache. Akriliki inayobeba mzigo kwa miaka, huku imelowa upande mmoja, huanza kuchanika nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwa mkazo mdogo kuliko huo mara nyingi. Kwa mzigo wa kudumu watu waangalifu hukaa chini ya megapaskali 5 au zaidi kidogo. Tangi letu kwa mili 12 linafika karibu 6. Kwa mili 15 linashuka chini ya 4. Hata kwa njia hii tunarudi palepale: 12 iko mlangoni, 15 iko ndani ya nyumba.

Halafu kuna jambo ambalo jedwali halilisemi. Plastiki hulegea. Ukipima leo kitambi cha milimita 5, baada ya miaka kadhaa chini ya mzigo uleule kinaweza kuwa mara mbili ya hapo, bila mtu kugusa kitu. Anayebuni tangi la kudumu huhesabu kana kwamba ukakamavu wa akriliki ni nusu ya ule ulioandikwa. Kwa tangi langu la kwanza nilivuta uzi wa kuvulia samaki kutoka kona hadi kona, mbele ya ukuta, nikaweka rula katikati. Jioni ya kwanza kulikuwa na milimita 11 na kitu, na baada ya miezi mitatu 16. Uzi na rula ni vyombo vya shilingi chache, na nikiulizwa chombo kimoja cha kuanza nacho hobi hii, nitataja hivyo kabla ya pampu.

Kwa nini nilianzia 11 na si 10 kama jedwali linavyosema? Jibu nililipata nilipoazima kaliba, kile chombo cha kupimia unene. Perspex yangu ya mili 12 ilikuwa mili 11.4. Siyo wizi lazima. Shiti za kumwagwa, yaani zilizomiminwa zikiwa majimaji zikaganda, huruhusiwa kutofautiana kwa unene, na sehemu moja ya shiti si sawa na nyingine. Lakini ukikumbuka ile sheria ya mara tatu, nusu mili iliyopungua imekula asilimia 14 ya ukakamavu. Nenda dukani na kaliba yako, upime kona zote nne, na usione haya.

Fremu ya juu si pambo

Namba zote nilizotaja zinadai ukuta umeshikwa juu. Ukiacha tangi wazi juu, kama yale ya picha za Instagram yenye maji yanayong'aa hadi ukingoni, makali ya juu yanabaki huru na kitambi kinaongezeka mara kadhaa. Kwa urefu wa futi sita na kina cha sentimita 60, perspex ya kuacha wazi ni nene na ghali kiasi kwamba ushauri wangu ni mfupi: acha.

Lakini hata fremu nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo wengi wenye mili 15 nzuri huharibikiwa. Karibu theluthi ya ule mzigo wa kilo 324 hushikwa na ukingo wa juu. Ukiweka ukanda wa perspex wenye upana wa sentimita 8 kuzunguka ukingo na kuishia hapo, ukanda wenyewe utapinda kuelekea nje kama upinde, kwa sababu una mita 1.8 bila cha kuushika. Weka daraja moja katikati, kutoka mbele hadi nyuma, na upindaji wa ukanda huo unashuka mara 16. Weka madaraja mawili, unashuka mara 81. Hapa urefu unahesabiwa mara nne, na safari hii hesabu iko upande wako.

Fremu nzuri ni kipande kimoja: shiti nzima ya kufunika tangi, kisha unakata madirisha ya kuingizia mkono na kuachia mwanga. Vipande vinne vilivyounganishwa kwenye kona havifanyi kazi ileile, maana viungo vinakaa mahali penye mvuto mkubwa. Na madirisha yasiwe na kona kali. Toboa kwanza tundu la mviringo kila kona, la kutosha kupita kidole gumba, halafu ndipo ukate kutoka tundu hadi tundu. Ufa katika akriliki hupenda kuanzia kwenye kona kali, na ukishaanza haurudi.

Futi tatu si futi mbili na moja ya ziada

Kwa kawaida mtu anayeuliza kuhusu sentimita 60 hufuatisha na swali la pili: je, nikipandisha hadi 90 tu? Hii "tu" ndiyo inayohitaji kukatwa.

Ukuta wa urefu uleule wa 180, maji ya 90. Lita zinaongezeka kwa nusu. Mzigo kwenye ukuta wa mbele unaruka kutoka kilo 324 hadi 729, magunia manane. Na kitambi kinazidishwa mara sita na ushei, kwa sababu maji yamekuwa mazito na wakati huohuo nafasi isiyoshikwa kati ya chini na juu imekuwa kubwa. Ili ubaki na kitambi kile kidogo cha mili 15, sasa unahitaji karibu mili 28, na madukani 28 utaambiwa hakuna, utapewa 30. Umepandisha maji kwa nusu na perspex imekuwa maradufu.

Urefu wa tangi hauna ukali huo. Ukuta ukishakuwa na urefu wa mara tatu ya kimo chake, kuuongeza hakubadilishi sana, kwa kuwa katikati yake hauhisi tena kona za mbali. Tangi la sentimita 240 kwa kimo cha 60 linabenuka karibu sawa na la 180. Anayetaka maji mengi kwa pesa kidogo aongeze urefu na upana, asiongeze kimo. Samaki wengi wanaofugwa hapa hawatalalamika. Mbuna wa Malawi, fulu wa Victoria, hata ngege mdogo, wote wanataka mahali pa kukimbilia mbele na pembeni kuliko ghorofa.

Kwa anayeona namba hizi ni za kutisha, afikirie dirisha kubwa la Churaumi kule Okinawa, Japani: mita 8.2 kwa 22.5, unene wa sentimita 60. Si shiti moja, ni tabaka zilizounganishwa.

Dukani

Perspex nyingi inayoingia Nairobi huja kwa ajili ya mabango, vibao vya majina na rafu za maduka. Wakati wa korona, 2020, kila kaunta ya benki na duka la dawa iliwekewa kinga ya perspex, na hadi leo utakuta vipande vya mili 3 na mili 5 vikiuzwa kwa bei ya kutupa. Usiviangalie mara mbili. Shiti nene za 15, 18 na 20 mara nyingi huagizwa, na hapo una nafasi ya kuuliza jambo muhimu kuliko bei: hii imemwagwa au imesukumwa?

Ya kumwagwa hutengenezwa kwa kumimina akriliki ya majimaji katikati ya vioo viwili na kuiacha igande. Ya kusukumwa hupitishwa kwenye mashine kama tambi. Hii ya pili ni ya bei nafuu na unene wake ni sawa kila mahali, lakini ina mkazo uliofungiwa ndani na huchanika nyufa upesi inapoguswa na gundi. Kwa tangi unataka ya kumwagwa. Muuzaji asipojua, mwombe fundi akate kipande kidogo. Ya kusukumwa huyeyuka na kugandamana kwenye meno ya msumeno. Ya kumwagwa hutoa chenga kavu.

Kisha suala la ukataji, ambalo litakuokolea pesa kuliko kubishana bei. Shiti ya kawaida ni futi nne kwa nane, yaani sentimita 122 kwa 244. Kutoka kwenye shiti moja unapata ukuta wa mbele na wa nyuma wa 180 kwa 60, na mabaki ya upande yanatosha kuta zote mbili fupi. Shiti ya pili inakupa sakafu na fremu ya juu. Shiti mbili, tangi zima, karibu hakuna cha kutupa. Lakini lazima ziwe sentimita 60, siyo futi mbili kamili. Futi mbili ni sentimita 61, mara mbili ni 122, na msumeno nao unakula njia yake. Nimemwona mtu akiagiza shiti ya tatu kwa ajili ya sentimita moja.

Shiti ya mili 15 ina kilo 53. Inabebeka juu ya Probox ikiwa imelazwa kwenye ubao mpana na kufungwa vizuri, na watu wawili wanaipandisha ngazi hadi ghorofa ya nne. Kioo cha tangi hilohilo kingekuwa mzigo wa karibu maradufu. Ndiyo sababu nimevumilia tabia nyingine za perspex, hasa ya kukwaruzwa na kila kitu.

Gundi

Mafundi wengi wa mabango hugundisha kwa klorofomu. Inafanya kazi, kwa maana kwamba inayeyusha nyuso mbili za akriliki zikashikana na kuwa kitu kimoja. Kwa kisanduku cha kuonyeshea simu inatosha kabisa. Kwa tangi la magunia matatu na nusu, hapana. Ni majimaji mno, haijazi mwanya wowote, na hukauka kabla kipande cha mita 1.8 hakijakaa sawa. Mvuke wake pia si wa kuvutwa kwenye chumba kilichofungwa. Kwa perspex nene kuna gundi za sehemu mbili zinazochanganywa na kugeuka akriliki zenyewe, zenye kujaza mianya. Ukikosa hizo, angalau kingo zote zipigwe randa hadi zikae bila mwanga kupenya katikati. Usizing'arishe kwa moto. Moto unaacha mkazo kwenye ukingo, na gundi ikifika hapo inakuta nyufa zimeshajiandaa.

Silikoni ya matangi ya kioo haishiki akriliki vya kutosha kubeba mzigo. Nimalize hilo hapo.

Uhusiano wa gundi na unene ndio ulionichukua muda kuuelewa. Ukuta unapobenuka, ukingo wake wa chini unazunguka kidogo, kama mlango unaotaka kufunguka. Kiungo kinachoweza kustahimili kusukumwa sana hakistahimili kubanduliwa. Kwa hiyo perspex nyembamba inakuumiza mara mbili: inabandua zaidi, na inakupa ukingo mwembamba wa kupaka gundi. Ule mstari mweupe wa viputo kwenye tangi langu ulikuwa kiungo kinaanza kuachia, wakati ukuta wenyewe ungeweza kukaa hivyo miaka.

Tarehe 16 Desemba 2022, alfajiri, tangi la akriliki la AquaDom lililokuwa ndani ya hoteli mjini Berlin lilipasuka na kumwaga kama lita milioni moja, pamoja na samaki wapatao 1,500. Lilikuwa limejengwa na wataalamu na kukarabatiwa na wataalamu. Uchunguzi haukuweza kutaja sababu moja kwa uhakika. Kuachia kwa kiungo cha gundi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuwa yanawezekana.

Kulijaza siku maji yanapokuja

Sakafu ya tangi la akriliki iwe na unene wa kuta na ilale juu ya meza tambarare kwa eneo lake lote. Stendi ya chuma kutoka Kamukunji ni nzuri, ila juu yake weka plaiwudi nene isiyo na uvimbe. Stendi inayoshika kingo tu, ukiacha katikati hewani, itageuza sakafu kuwa ukuta mwingine wenye kitambi. Na kabla ya hayo yote ongea na mwenye nyumba. Lita 650 pamoja na mchanga, mawe na stendi zinakaribia kilo 900 juu ya eneo la mita mraba moja na kidogo. Liweke kando ya ukuta wa jengo au juu ya boriti, kamwe si katikati ya sebule.

Jaribio lenyewe lifanywe nje au kwenye karakana, kabla ya samaki na kabla ya kupaka rangi ukuta wa nyuma. Jaza theluthi, acha siku nzima. Jaza theluthi mbili, acha tena. Kila mara uzi na rula, na uandike. Mtaani kwetu, ambako maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, hili jaribio ni la kupanga kama harusi: unajaza Jumanne, unangoja, unaongeza Ijumaa, na jirani anayekuona ukimwaga lita 650 Jumapili hatakusalimia tena. Maji hayo yaweke kwenye mapipa, yatafaa kufulia. Kwa tangi langu la pili, la mili 15 ambazo kaliba ilizisoma 14.8, fremu ya kipande kimoja na madaraja mawili, uzi ulionyesha milimita 5 siku ya kujaa. Baada ya mwaka ni 7, na tangu hapo haujasogea kwa kiasi ambacho macho yangu yanaweza kuona. Kusafisha ni kwa kitambaa laini na maji. Spiriti na dawa za madirisha zenye amonia hazikaribii.

Kuta za tangi la kwanza sikuzitupa. Nilizirudisha kwa fundi yuleyule, tukazikata upande wenye kiungo kibovu na kidogo upande wa juu, zikabaki na kimo cha sentimita 40. Urefu uleule wa 180, mili zilezile 11.4. Tulipoziunganisha upya na kulijaza tangi pale uani kwake, akavuta uzi yeye mwenyewe kona hadi kona, akaweka rula katikati, akainama kuisoma. Milimita moja na nusu.

"Sasa hii imekuwaje ngumu?" akaniuliza. "Si ni ileile?"

Nikamwonyesha vipande tulivyovikata, jumla sentimita 20, vikiwa bado juu ya meza ya msumeno.